Gari Lililokataa Kuwaka

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni na mzee mmoja wa kanisa. Tumeyachapa kwa ajili ya wasomaji walioomba wayapate kwa maandishi.)

Labda mmoja wenu ananisikiliza akinywa chai, na mwingine yuko uani, boneti imefunguliwa, mikono imejaa grisi, na gari limekataa kuwaka. Huyo wa pili ndiye ninayetaka kuzungumza naye hasa. Lakini wewe usiye na gari usizime redio, maana jambo lenyewe litakufikia nawe.

Nina pikapu kuukuu, Datsun 1200 ya mwaka 1976, niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Wazee wenzangu wanakumbuka jinsi Shekhar Mehta alivyoshinda Safari Rally kwa magari ya Datsun mwaka 1973, na tena miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Pikapu yangu haijashinda shindano lolote. Kazi yake ni kubeba viazi na kabichi, na kila Jumapili kumchukua mama mmoja mzee, atembeaye kwa magongo, kutoka nyumbani kwake bondeni hadi kanisani.

Sisi tunakaa upande wa Limuru. Mwezi wa Aprili mwaka jana, siku ya Jumamosi asubuhi, nilipeleka pikapu kwa kijana mmoja fundi, ambaye alikuwa ameanza kazi karibuni katika kibanda cha mabati kando ya barabara. Alinibadilishia pointi, akasafisha plagi, akanitoza bei ya haki. Nikaendesha gari siku nzima, sokoni na kurudi, nalo likaenda vizuri. Naomba mkumbuke neno hilo: siku nzima lilikwenda vizuri.

Jumapili nilitoka mapema. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huwezi kuona lango. Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ingawa kwa uvivu kidogo, lakini haikuwaka. Nikapiga tena, na tena. Nikakanyaga petroli mpaka harufu ikajaa. Nikaita majirani, wakasukuma hadi barabara kuu, nguo zao za Jumapili zikapata matope. Wapi! Na ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Yule mama alikaa mlangoni kwake, amevaa kitambaa cheupe, akinisubiri mpaka kengele ikalia. Hakuja kanisani siku hiyo.

Baada ya ibada watu wakaniuliza, “Mzee, umechelewa kwa nini? Na mama yuko wapi?” Nikawajibu papo hapo, mbele ya watu kumi na zaidi, “Ni yule kijana wa kibanda cha mabati. Ameniharibia gari. Msimpelekee magari yenu.”

Ndugu zangu, nilikuwa nimepima nini wakati huo? Sikuwa nimepima kitu. Sikuwa nimeshika hata spana. Lakini hukumu ilikuwa tayari, na mtu wa kuibeba alikuwa ameshapatikana.

Jumatatu asubuhi kijana alifika nyumbani kwangu kwa miguu, amebeba mfuko wa vyombo. Habari zilikuwa zimemfikia. Watu wawili walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba hawataleta magari yao tena. Nilitazamia maneno makali. Yeye akanisalimu kwa heshima, akasema, “Mzee, pole kwa taabu. Kama kosa ni langu, nitalitengeneza bila malipo. Lakini tusiseme ni la nani kabla hatujapima. Tuulize umeme wenyewe ulipokwama.”

Sasa sikilizeni alivyouuliza, maana ni elimu inayoweza kumsaidia yeyote mwenye gari la zamani.

Kwanza alinieleza kwamba injini ya petroli inataka vitu vitatu ili iwake: mchanganyiko wa petroli na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Stata ilikuwa inazungusha injini, na petroli tuliinusa. Basi neno la kwanza kuuliza lilikuwa cheche. Tena akasema kwamba kule kukanyaga petroli mara nyingi kulizidi kulowesha plagi, na kwamba kusukuma gari lisilo na cheche ni kuwachosha majirani bure.

Kisha akanieleza jinsi cheche inavyozaliwa. Betri ina volti 12 tu, nazo haziwezi kuruka nafasi ya plagi ndani ya silinda. Ndiyo sababu kuna koili. Ndani yake mna waya mnene uliozungushwa mara mia kadhaa, na mwingine mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara, zote mbili zimezunguka chuma kimoja. Pointi zikifungana, umeme wa betri hupita katika ule waya mnene na chuma huwa sumaku. Pointi zikiachana, umeme hukatika ghafula, ile sumaku huanguka, na katika waya mwembamba huzaliwa umeme wa volti elfu nyingi, hata 15,000 na kupita. Umeme huo hupita kwenye distributa, na rota huugawa kwa kila plagi kwa zamu yake. Kondensa nayo huzuia pointi zisiungue kila zinapoachana. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hili hutendeka mara 100 kwa kila sekunde moja. Namna hii ya kuwasha injini ilibuniwa na Mmarekani Charles Kettering, ikawekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910, na kwa miaka zaidi ya sitini magari mengi ya petroli duniani yalitumia njia hiyo.

“Basi, Mzee,” akasema, “umeme unasafiri kama mtu aendaye kwa miguu: kutoka betri hadi swichi, kutoka swichi hadi koili, kutoka koili hadi distributa, kutoka distributa hadi plagi. Tutafuata njia hiyo na kuuliza katika kila kituo kama msafiri amepita.”

Aliweka gia huru, akavuta breki ya mkono. Akachomoa waya wa plagi moja, akaupachika kwenye plagi nyingine aliyokuja nayo, akailaza juu ya chuma cha injini ili ubavu wake uguse vizuri, mbali na kabureta, maana cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja kwa amani. Akaniambia nipige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na hulia ta, ta, ta. Ikiwa ya manjano na dhaifu, kuna ugonjwa. Sisi hatukuona ya buluu wala ya manjano. Palikuwa giza tu.

Akarudi nyuma kituo kimoja. Alifungua kifuniko cha distributa, akatazama ndani kama pana unyevu au ufa, maana katika ukungu wa kwetu unyevu huo ndio huzuia magari mengi asubuhi, na kitambaa kikavu hutosha kuwa dawa. Palikuwa pakavu, na rota ilikuwa nzima. Akachomoa ule waya mnene utokao katikati ya koili, akaushika kwa koleo yenye mpira mzuri, ncha yake ikiwa mbali kidogo na chuma cha injini, kiasi cha upana wa penseli. Nikapiga stata. Hapo pia hapakuwa na kitu. Akasema, “Sasa tumejua neno moja. Kama cheche ingeonekana hapa, kosa lingekuwa mbele: kifuniko, rota, au nyaya za plagi. Haikuonekana, kwa hiyo kosa liko hapa au nyuma.”

Akatoa taa ndogo ya kupimia, ile yenye balbu ya volti 12, waya mmoja na ncha ya chuma. Waya akaubana kwenye chuma cha gari, nami nikafungua swichi bila kupiga stata. Akagusa upande wa koili unaopokea umeme kutoka swichi. Taa ikawaka. “Betri, swichi, na waya wa kuja hapa, vyote vizima,” akasema. “Kama isingewaka, tungetafuta huko.”

Halafu akagusa upande wa pili wa koili, ule unaokwenda kwenye pointi. Akaniambia nipige stata. Hapa ndipo pointi hutoa ushahidi wao, maana zikifanya kazi, taa humetameta: huwaka zikiachana, huzimika zikifungana. Ikiwaka bila kuzimika, pointi hazifungani sawasawa. Yamkini zina mafuta au uchafu, au nafasi yake ni kubwa mno. Katika gari langu nafasi hiyo ni karibu nusu milimita tu, na kila gari lina kipimo chake. Lakini taa yetu haikumetameta, wala haikuwaka. Ilibaki giza.

Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi. Nikasema, “Unaona! Ni pointi zako hizo!”

Kijana hakukasirika. Akasema, “Yawezekana, Mzee. Giza hapa lina maana mbili. Ama pointi haziachani, au waya wa distributa au kondensa inagusa chuma na kuumeza umeme, na hilo lingekuwa la kwangu. Ama umeme hautoki katika koili yenyewe. Tuzitenganishe.”

Akachukua spana ndogo, akafungua ule waya mwembamba unaotoka koili kwenda distributa, akauweka kando. Akaniambia, “Sasa pointi zangu hazimo tena katika njia hii. Kazi yangu yote ya Jumamosi nimeitoa. Taa ikiwaka sasa, mimi ndiye mwenye kosa. Fungua swichi.”

Nikafungua. Akagusa koili. Wasikilizaji, taa haikuwaka.

Tulikaa kimya kidogo. Umeme ulikuwa unaingia koili upande mmoja, na upande wa pili hautoki, na hakuna kitu kingine kilichofungwa hapo. Waya wa ndani ya koili ulikuwa umekatika. Kijana akapitisha kidole shingoni mwa koili, kidole kikatoka na mafuta meusi. Akaniuliza kwa upole, “Mzee, je, swichi iliachwa wazi mahali fulani, injini ikiwa haizunguki? Hukusikia harufu kama ya lami iliyoungua?”

Nikakumbuka. Jumamosi jioni stima ilipotea nyumbani kwetu. Nami nilitaka kusikiliza habari na nyimbo za kwaya, nikaenda kukaa ndani ya pikapu kusikiliza redio. Ufunguo wa gari langu una hatua mbili kabla ya stata. Hatua ya kwanza huwasha redio peke yake. Hatua ya pili huwasha na koili pia. Mimi niliupeleka hatua ya pili. Taa mbili nyekundu, ya betri na ya oili, ziliniangalia machoni kuniambia. Sikuzijali. Nikasinzia humo karibu saa mbili nzima. Nilipoamka harufu ile ilikuwapo. Nikadhani ni jirani anachoma taka, nikafunga gari, nikaenda kulala.

Injini ilikuwa imesimama mahali ambapo pointi zimefungana. Kwa hiyo umeme ulipita katika koili saa zote hizo bila kupumzika, nayo ikapata moto mpaka ikafa. Ndiyo sababu stata nayo ilikuwa na uvivu asubuhi: betri ilikuwa imenyonywa usiku. Ushahidi wote ulikuwapo tangu mwanzo. Gari lilikwenda vizuri siku nzima baada ya kutoka kwa fundi, na likaharibika usiku mmoja, likiwa mikononi mwangu mimi.

Wahenga wana methali juu ya nyani asiyejiona nyuma, huona ya mwenziwe tu. Sitaimalizia hapa redioni, mnaijua. Na mfano wa boriti na kibanzi nimeufundisha watoto wa Shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Lakini asubuhi ile, uani kwangu, ndipo nilipoelewa kwamba mwenye boriti ni mimi.

Kijana alikwenda kibandani, akaleta koili ya gari lingine bovu, ya aina ile ile, maana koili si zote sawa; nyingine hutaka kipande cha kupunguza umeme, na ukichanganya utaunguza tena. Akaifunga, akarudisha waya wa distributa mahali pake, akasafisha plagi zilizolowa. Nikapiga stata mara mbili, injini ikaitika. Aliponitajia bei, ilikuwa bei ya koili peke yake. Kwa kazi ya asubuhi nzima hakutaka kitu.

Mimi ningeweza kulipa zaidi kidogo, nikamshika mkono, na mambo yakaisha kimya kimya pale uani. Na nilitamani sana iwe hivyo. Lakini neno langu nilikuwa nimelisema hadharani, na kuliondoa faraghani kusingemrudishia wateja wake. Basi nilimlipa kazi yake kamili, nikaenda siku ile ile kwa wale watu wawili, kila mmoja nyumbani kwake, nikawaeleza habari za redio na usingizi. Mmoja alicheka sana. Nilimwacha acheke. Na Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale, baada ya ibada, nikawaambia watu, “Gari niliharibu mimi mwenyewe. Kijana ndiye aliyelitengeneza.” Yule mama wa magongo alikuwapo. Nilimwomba msamaha naye, akaniambia, “Mwanangu, uliniharibia Jumapili moja. Yule kijana ulitaka kumharibia mwaka.”

Wapenzi wasikilizaji, wako wengi kati yetu ambao leo wana kitu kilichokataa kuwaka, na huenda si gari. Ni nyumba ambamo maneno yamekatika kati ya baba na mwanawe. Ni kikundi cha akina mama ambacho fedha zake hazitoshi, na tayari jina la mweka hazina linatajwa visimani. Ni mtoto aliyeanguka mtihani, na mwalimu amekwisha kuhukumiwa. Katika kila jambo kama hilo kuna mtu aliyeshika kitu cha mwisho, nasi humrukia huyo, kwa sababu yuko karibu.

Mimi nawaomba mfanye kama kijana yule. Anzeni pale penye nguvu, mfuate njia kituo kwa kituo. Ulizeni swali moja kwa wakati mmoja, na lile mlilokwisha kulijua mlishike. Mkimshuku mtu, toeni sehemu yake kando, mtazame kama giza litabaki. Na kabla ya yote, kila mtu ajiulize alikuwa wapi Jumamosi jioni, na taa gani nyekundu ilimwangalia asiijali. Na ukikuta kosa ni lako, lirudishe neno lako mahali ulipolisemea, mbele ya watu wale wale.

Na wewe ndugu uliye uani na boneti wazi: funga swichi kwanza, usiiache wazi unaponisikiliza. Ukiwa na gari la siku hizi, lenye vifaa vya elektroniki, usijaribu kurusha cheche hovyo kama tulivyofanya sisi, maana utaviharibu. Mwite fundi anayelijua. Lakini kama ni gari la zamani lenye pointi na koili, chukua taa ndogo, anza kwenye betri, nawe usimtaje mtu yeyote kwa jina mpaka taa imekupa jibu.

Mungu awabariki, awape siku njema. Kwaherini.